Kamusi za Kale na Dini ya Maneno

Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Mwaka huohuo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, na mwaka huohuo alianza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Kadhi wa Kiislamu na mhubiri wa Kikristo waliketi kutafuta namna Mungu atakavyosema kwa lugha ya pwani.

Kamusi ya Krapf ilichapwa London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Je, neno lina dini? Mwandishi anayeifungua leo hawezi kulikwepa swali hilo. Dhambi, toba, rehema, malaika: maneno haya yaliswaliwa misikitini kwa karne nyingi kabla hayajaimbwa kanisani, na yalipohama hayakuacha kitu nyuma. Padri anayehubiri toba anazungumza kwa kinywa cha waliotubu kabla yake, na huo ni urithi wa kushukuriwa.

Ndiyo maana kamusi kuukuu humfaa mwandishi kuliko orodha ya misamiati migumu. Anayekwenda huko kuokota neno adimu la kuwashangaza wasomaji huishia kuandika mapambo. Faida iko kwenye kusoma taratibu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 huweka vitenzi pamoja na watoto wao, na ukishuka kutoka kupata unakutana na kupatana, kisha kupatanisha. Mwenye kuandika juu ya upatanisho, fundisho zito la Wakristo, anakumbushwa kwamba jambo hilo lilianzia kwa watu wawili kupatana, pengine juu ya bei ya samaki. Sentensi yake inayofuata itashuka kutoka mawinguni.

Charles Sacleux, padri Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alikwenda mbali zaidi: kamusi yake iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939 inaonyesha neno ni la lahaja gani. Kiunguja kilikuwa kimeshachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini watu wa Lamu na Ngazija wamo humo wakisema kwa sauti yao.

Wengi waliowapa wageni hawa maneno, wavuvi, wanawake, watumwa, hawakutajwa majina. Mwandishi anayechota kwao ana deni: ajue neno lilivyotumika kabla hajalitumia, na aliandike mahali ambapo wao wangelielewa.