Hodi, Roraima

Kuna mlima ambao nimeuota kwa miaka mingi: Roraima, pale Venezuela, Brazil na Guyana zinapokutana. Hauna ncha kama milima tuliyochora shuleni. Juu ni bapa kama meza, mita 2,810 kutoka usawa wa bahari, na pembeni umezungukwa na kuta za mawe zinazoshuka wima. Mawe yenyewe ni mchanga ulioshikamana zaidi ya miaka bilioni 1.5 iliyopita. Huko juu yupo chura mdogo mweusi asiyejua kuruka. Anatembea tu, taratibu, kama mtu asiye na pa kuwahi.

Nani asingetamani kufika? Ila swali linalonisumbua ni hili: je, kuna namna ya kutamani mahali ambayo tayari ni kuwadhulumu wenye mahali hapo?

Mwaka 1912 Arthur Conan Doyle alichapisha The Lost World, riwaya ya wasafiri wanaokuta dinosaria hai juu ya mlima bapa wa Amerika Kusini. Taarifa za Roraima hutajwa sana kuwa chanzo chake. Sasa, huo ulimwengu uliopotea, umempotea nani? Wapemon wanaishi chini ya mlima ule, na katika simulizi zao Roraima ni kisiki cha mti mkubwa uliokuwa ukizaa matunda ya kila aina kabla haujakatwa. Kwao haujapotea hata siku moja. Ndoto yangu inataka mlima usio na watu. Yaani ili niote vizuri, inabidi kwanza niwafute wao.

Sisi huku tunaijua ndoto ya namna hiyo kutoka upande wa pili. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kilele cha Kilimanjaro, akakibandika jina la mfalme wake wa Ujerumani, akaondoka na jiwe. Leo juu ya Roraima kuna fuwele nyeupe zimetapakaa ardhini, na wageni wamekatazwa kuziokota. Ilibidi wakatazwe, maana kila mgeni huona anachukua kamoja tu.

Wapo watakaosema: basi kaa nyumbani. Jibu hilo ni rahisi mno. Njia ya upande wa Venezuela huanzia Paraitepui, kijiji cha Wapemon, na wao ndio waongozaji na wapagazi. Nikibaki kwangu eti kwa heshima, heshima hiyo haimlishi mtu.

Kiswahili kina neno moja, mwenyeji, kwa mtu wa mahali na kwa yule anayekukaribisha. Na kwa mwenyeji watu hupiga hodi. Hodi ina sharti lake: ukiita mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka, tena bila kinyongo. Anayependa kweli anaweza kurudi hivyo. Mwenye uchu atazunguka nyuma ya nyumba atafute dirisha.

Bado nautamani mlima ule, sikatai. Lakini siku hizi najipima kwa swali moja: wenyeji wakisema mwaka huu hakuna kupanda, nitaendelea kuupenda? Kama sitaweza, basi muda wote huu nilichokuwa nakipenda ni picha yangu nikiwa nimesimama juu yake.