Kabla Hujapanda Jukwaa

Wajukuu zangu wa Katumba, mnaoamkia saiti kila siku: kaeni chini kidogo, maneno yangu si marefu.

Nafurahi nikiona nyumba za matofali ya kuchoma zinavyoota hapa. Sisi tuliokimbia Burundi mwaka 1972 tulianza na miti na udongo. Hata tulipokubaliwa kuomba uraia wa Tanzania, tuliambiwa tutahamishiwa mikoa mingine. Nani angewasha tanuri kwa ajili ya nyumba ya kuiacha? Vyeti vya uraia vilipoanza kutolewa mwaka 2014 na tukaruhusiwa kubaki, watu wakajenga mfululizo. Ndiyo maana karibu kila kijana hapa ni fundi au saidia fundi. Ufundi mmeuokota kazini, na hilo halina aibu. Ila mmefundishwa kunyoosha ukuta tu. Namna ya kurudi nyumbani wazima hakuna aliyewafundisha.

Mnasema majengo yanaua Dar es Salaam. Ni kweli, tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo. Lakini kule yalifika majeshi, zimamoto na mitambo. Wewe ukianguka kutoka kwenye lenta hapa Katumba, mita tatu tu, atakayekufikia wa kwanza ni bodaboda. Naye mkimpa mtu aliyeumia mgongo, akamkunja katikati ya abiria wawili hadi Mpanda mjini, aliyekuwa na nafasi ya kutembea tena anaweza kuipoteza njiani. Mlazeni juu ya mlango au ubao, msimsokote, tafuteni gari. Likichelewa, lisubirini.

Shimo ndilo linalonitisha kuliko jukwaa, kwa sababu shimo halionekani kama hatari. Umesimama chini, ardhi iko pande zote, unajiona salama. Mita moja ya ujazo ya udongo huweza kufika tani moja na nusu. Ukifukiwa hadi kifuani kichwa kikiwa nje, bado unaweza kufa: kila ukitoa pumzi udongo unabana zaidi, na kuivuta tena huwezi. Kwa hiyo udongo mnaoutoa usirundikwe ukingoni, usogezeni mbali. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zikiwa zimenyesha usiku, asubuhi mtu asiteremke kabla kuta hazijakaguliwa. Shimo likifika kifuani, zuieni kuta kwa mbao au lipanueni juu. Kisima nacho ni shimo: mwenzenu akizimia kisimani, msiruke kumfuata. Hewa iliyomwangusha yeye itawaangusha nanyi, na kijiji kitazika wawili au watatu badala ya kuokoa mmoja. Pampu ya petroli nayo isiteremshwe kisimani kamwe, moshi wake unaua kimyakimya.

Jukwaa nalo lina yake. Mirunda ya mwaka jana imeshaliwa na mchwa, nje inaonekana nzima. Igonge, isikilize, ikanyage ikiwa chini kabla hujaifunga juu. Ubao uliolazwa bila kufungwa ukiukanyaga mwishoni unakutupa. Na msilundike tofali zote juu eti mpunguze safari. Mbao za slabu msizifumue mapema eti kwa kuwa mwenyewe anazidai. Zege huhesabiwa siku 28 kufika nguvu yake, wala haijui deni la mtu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa. Kwenye madarasa ya fosi akaunti, shule hununua vifaa na kamati hupatana na fundi wa mtaani. Mwaka 2021 madarasa 15,000 yalijengwa nchini kwa fedha za UVIKO, kila moja milioni 20. Ni mpango mzuri, watoto wamekaa ndani. Lakini simenti ina mtu wa kuihesabu, nondo zina mtu wa kuzihesabu, nawe huna anayekuhesabu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imempa mwajiri wajibu wa vifaa vya kujikinga, na wakala wa serikali, OSHA, upo kusimamia, ila mkaguzi hawezi kukaa kwenye kila msingi. Hapo linabaki neno lako: hapana, sipandi mpaka hii ifungwe. Mkilisema mkiwa wanne, fundi atafunga. Ukilisema peke yako anaweza kukuambia nenda, kuna wenzako wanaoitaka kazi hii. Kwa hiyo lisemeni pamoja, asubuhi, kabla ya kukubaliana ujira, wakati yeye ndiye mwenye haraka.

Tena mwambieni aandike majina. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango wake hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye ujira wako, na madai hupelekwa ndani ya miezi 12. Mtu asiye kwenye daftari lolote atahangaika kwanza kuthibitisha kwamba alikuwapo. Jina, tarehe, kazi uliyopangiwa, saini ya fundi au ya kamati. Likikosekana daftari, pigeni picha mkiwa kazini, muitunze kwenye simu ya mtu wa nyumbani.