Ukungu wa Mlimani

Methali ya pwani inasema mchumia juani hulia kivulini. Ipeleke Marangu au Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, asubuhi ya mwezi Julai uone itakavyopwaya. Huko kivuli cha migomba ni baridi tupu. Mzee hutoka na kigoda chake, koti mabegani, akatafuta mahali jua linapopenya, na mjukuu akisimama mbele yake huambiwa asogee. Jua ndilo malipo yenyewe. Aliyetunga methali ile hakukosea. Alisema kweli ya kwao, ambako jua la saa sita huunguza mgongo.

Wahenga hawakuazima mbingu za watu. Mshairi Muyaka bin Haji aliishi Mombasa na bahari mlangoni, ndiyo maana vyombo na mawimbi vimejaa katika tungo zake. Wachagga nao, walipotaka kueleza kwa nini kilele cha Mawenzi kimechongoka-chongoka ilhali Kibo ametulia, walisimulia habari za majirani wawili na kaa la moto. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akapewa. Akarudi tena, na tena, hadi Kibo akachoka, akashika mchi akamtwanga. Hadithi hii ina namna nyingi za kusimuliwa, lakini kaa la moto haliachwi. Jirani msumbufu wa nchi kame angekuja kuomba maji. Kule juu, kulala bila moto jikoni ni fedheha na ni hatari, kwa hiyo hata ugomvi wa milima ukaanzia mekoni.

Sasa tazama sisi tunaoandika leo. Mlima ukitajwa, kalamu hukimbilia theluji: theluji ya taji, theluji ya fahari, na siku hizi theluji ya maombolezo. Theluji ni picha ya anayetazama kwa mbali, kutoka kituo cha mabasi au kwenye kalenda ukutani. Ukungu nao tumeufanya fumbo la mashaka, la macho yasiyoona njia. Kwa mtu wa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, hiyo ni kashfa.

Alfajiri Kibo huonekana wazi kutoka Moshi mjini. Jua likishachangamka, hewa yenye joto hupanda miteremko, hupoa, hugeuka wingu, na mara nyingi kabla ya adhuhuri mlima umejifunika. Mgeni aliyelipia safari hununa. Lakini ingia ndani ya msitu wa mlimani wakati huo. Matawi yamevaa nyuzi za kijani zinazoning'inia kama ndevu. Ukungu unapita kimya, na kila ncha ya uzi inashika tone. Tone linavimba, linadondoka, lingine linashika nafasi yake. Udongo chini ni laini, umeshiba. Maji hayo pamoja na ya mvua za msituni ndiyo yanayolisha chemchemi na mito, na kutoka mitoni huchepushwa yakaingia kwenye mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na koo tangu zamani. Usiku hukusanywa kwenye bwawa, asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Asiyetokea siku ya kuzibua mfongo hutozwa faini. Adabu yote hiyo imejengwa juu ya wingu.

Barafu ya kileleni imepungua kweli: zaidi ya sehemu nne kati ya tano ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 haipo tena. Ila watafiti, akiwamo Andreas Hemp aliyeuchunguza msitu huo kwa miaka mingi, wameonyesha kwamba mchango wa barafu katika maji ya watu wa chini ni mdogo sana, na kwamba moto unaoteketeza misitu ya juu, inayonasa ukungu, unapunguza maji zaidi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Basi tumelilia kilichong'aa, na kinachotunywesha tumekiita giza. Mimi naona hilo ni kosa la adabu kabla halijawa kosa la ushairi. Ni sawa na kumsifia mtu kofia huku umekaa mezani unakula chakula chake.

Hatuhitaji kufukuza theluji katika nyimbo. Mtoto wa Moshi ana haki ya kujivunia taji la mlima wao. Lakini mwalimu wa kwaya anayetunga wimbo wa Kilimanjaro angepanda kwanza Kidia au Machame akakae na wenye zamu ya maji. Atasikia habari za mfongo uliokuwa ukijaa na sasa unatambaa, na za Oktoba, mwezi unaotangulia vuli, ambamo nyasi zimekauka na cheche ya mrina asali inatosha. Oktoba 2020 miteremko iliwaka, ikawaka tena Oktoba 2022, na watu wa vijijini, wanafunzi na askari wa hifadhi walipanda kuzima kwa matawi na majembe. Kwa kazi ile hakuna wimbo ninaoujua mimi, na za theluji tunazo tele.