KIUNZI KWANZA, LIPU BAADAYE

Somo: Kutoka 26:15–30



Nyumba mpya ikiwa bado miti mitupu, hakuna anayeisifu. Wapita njia husema, "Bado haijawa nyumba." Siku inapopakwa chokaa ndipo tunapokuja kumpa mwenyewe hongera. Lakini fundi anajua kwamba uzima wa nyumba ile umekwisha kuamuliwa zamani, siku nguzo zilipofukiwa na fito zilipofungwa. Udongo na lipu huja kufunika tu yaliyokwisha kufanyika, yawe mema au mabaya. Hata nyumba ya matofali ina nondo zake na linta yake, ambazo hakuna mgeni atakayeziona.

Somo letu wengi huliruka kwa kuwa limejaa hesabu. Mungu anampa Musa vipimo vya kuta za maskani: mbao 48 za mti wa mshita, kila moja dhiraa 10 kwenda juu, chini ya kila ubao vitako 2 vya fedha, na mataruma 5 kila upande, lile la katikati likipita toka mwisho hata mwisho. Tena tazameni utaratibu wa siku ya kuisimamisha, katika Kutoka 40:18–19. Musa alianza na vitako, kisha mbao, kisha mataruma, kisha nguzo. Hema ilitandazwa juu baada ya hayo yote. Hakuanza na pambo.

Basi tujifunze mambo matatu.

Kwanza, miguu ya nguzo. Mchwa huanza chini, gizani. Hula moyo wa mti na kuacha ganda, na kwa macho nguzo bado ni nzima. Kwa hiyo mjenzi mwenye busara huchagua mti mgumu, huumenya gamba, na hupaka oili chafu sehemu itakayofukiwa. Nyumba ya ndoa nayo ina mchwa wake: deni lililofichwa, mtoto asiyetajwa, ugonjwa ulionyamaziwa. Mambo hayo yasemwe kabla ya nguzo kufukiwa. Fedha ya vile vitako, Kutoka 38 yatuambia, ilitokana na nusu shekeli ya kila mwanamume aliyehesabiwa. Tajiri hakuruhusiwa kuzidisha, wala maskini kupunguza. Nyumba ya Mungu ilisimama juu ya sehemu iliyo sawa ya kila mmoja. Vivyo hivyo mume asidai ukweli wa mkewe huku akificha wa kwake.

Pili, kufungamana. Mimi nilisomea ualimu, si useremala, lakini jambo hili kila mwalimu wa hesabu aweza kulionyesha. Chukua vijiti vinne, uvipigilie msumari mmoja mmoja pembeni, upate mraba. Ukisukuma kwa kidole, mraba unalala upande. Sasa pigilia kijiti cha tano mshazari, toka pembe hata pembe. Sukuma tena: hauendi popote, kwa kuwa umekuwa pembetatu mbili. Nguzo zilizosimama wima tu, hata zikiwa nene, upepo huziyumbisha. Mti mmoja wa mshazari huzishika zote. Kuna nyumba ambazo baba ni imara na mama ni imara, lakini hakuna kinachowashika pamoja. Sala ya jioni, mume na mke wakiwa pamoja, ni mti huo. Ni jambo dogo, wala hugharimu chochote, lakini likikosekana huonekana siku ya dhoruba.

Tatu, ufa. Tumezoea kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nayo ni kweli. Lakini uko ufa unaozibwa kila mwaka, na kila mwaka hurudi pale pale. Huo si wa udongo. Ndani yake nguzo inatikisika, na ukiongeza lipu utaongeza uzito tu. Wazee wa usuluhishi, nasema nanyi hapa. Mara ngapi tumewakalisha mume na mke, tukawapatanisha kwa maneno matamu, tukanywa chai, na mwezi ujao ugomvi ni ule ule? Tuwe na ujasiri wa kubandua udongo na kuitazama nguzo. Huenda ni ulevi. Huenda ni kipigo. Nguzo iliyooza haisitiriwi. Mwenye kukaa chini yake ndiye atakayeangukiwa, na mara nyingi ni mama na watoto.

Wazazi wenzangu, tukikaa kwenye kamati za arusi twahesabu viti, wapishi, magari na muziki kwa miezi mingi. Hayo ni chokaa, na chokaa si dhambi. Lakini kabla ya kuandika kadi ya mchango wa kwanza, tuwaulize vijana wetu: Mmeambiana kweli yote? Mnasali pamoja? Mkikosana, mtamwendea nani? Wakishindwa kujibu, heri arusi ingoje kuliko nyumba kuanguka.

Zaburi ya 127 yatukumbusha kwamba bila Bwana kazi ya wajenzi ni bure. Yeye huona nyuma ya lipu. Tumwombe azikague nguzo zetu wakati bado twaweza kuzibadili, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.