KAA NA BARIDI: BAINA YA KUTAWAKALI NA KUKAA BURE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa nchi kavu na bahari, Mwenye kuleta joto na baridi kwa kipimo. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Miongoni mwa maswali yasiyokoma katika mabaraza ya watu wa pwani ni hili: Ikiwa riziki ya kila kiumbe imekwisha dhaminiwa na Mola wake, jitihada ya mja ni ya nini? Na ikiwa jitihada ni wajibu, kutawakali si kutabaki neno la ulimini tu? Swali hili ni kongwe, na wanavyuoni walikwisha lijibu. Lakini kila zama huzaa mtu wa kuliuliza kwa njia yake, naye hustahili kujibiwa kwa njia ile ile aliyoijia.

Chukulia mtu wa pwani ambaye biashara imemfikisha Kabanga, katika wilaya ya Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Nchi ile ni ya vilima vinavyopanda kupita mita 1,500 juu ya bahari; migomba na maharage ndiyo chakula cha wenyeji, na Kihangaza ndiyo lugha yao. Wakati wa kipupwe, usiku wake humshinda mtu aliyezoea joto la Tanga au Mombasa. Mtu huyu mali yake imekwama, wadeni wake hawalipi, na baridi imemwingia mifupani. Asubuhi moja ashuka kijitoni kutawadha, na chini ya jiwe amwona kaa wa mtoni, kimya, hatikisiki. Aambia nafsi yake: “Huyu hana duka wala shamba, na Mola wake amruzuku. Nami nitakaa kama yeye.” Basi afunga duka, ajifunika blanketi, akidai kwamba ametawakali. Na nyumbani kwake pwani kuna mke na watoto wanaongoja posho.

Mtu huyu je, amefuata dini au ameikimbia? Jawabu lataka kwanza kumjua huyo kaa aliyefanywa hujja. Jina lake ni kaa, na watu hudhani kazi yake ni kukaa.

Kaa wa mito ya Afrika Mashariki si kama ndugu zake wa bahari. Wale hutaga mayai mengi mno, na wana wao huelea majini wakiwa na maumbo mengine kabla ya kuwa kaa kamili. Huyu wa mtoni hutaga machache, huyachukua chini ya tumbo lake, nayo huanguliwa yakiwa kaa wadogo waliokwisha timia. Na mama huendelea kuwabeba kwa muda mpaka waweze kujitegemea. Maji ya mto yangewachukua wana waeleao hata bahari ya mbali, basi amepewa desturi iliyo salama kwao. Mchana hujificha chini ya jiwe au ndani ya shimo la ukingoni, apate kuwakwepa ndege na wanyama wanaomla. Usiku hutoka, akatafuta majani yaliyooza, wadudu na mizoga. Basi yule mtu wa Kabanga alimwona mchana, hakumwona usiku. Alichukua nusu ya habari akaifanya hukumu nzima, na huu ndio mlango wa makosa mengi.

Hayo ni katika baridi ya Ngara, ambayo haigandishi mto. Na wako ndugu za kaa na kamba wanaoishi katika fukwe za nchi za barafu, na habari zao ni hujja iliyo wazi zaidi. Wao wametofautiana katika kuikabili baridi, na njia zao kubwa ni nne.

Njia ya kwanza ni kuhama. Kaa wa kijani wa fukwe za Ulaya, siku za baridi zinapokaribia, huacha maji mafupi ya ukingoni akashuka kwenye kina, ambako baridi haibadiliki kwa ghafula. Baridi ikizidi huacha kula karibu kabisa, na mwili wake hutumia kidogo kidogo akiba iliyokusanywa wakati wa joto.

Ya pili ni kuchimba. Katika fukwe za mchanga za Ulaya wamo vidudu vidogo, jamaa ya kamba, virukavyo kama viroboto. Wakati wa joto hutoka usiku kula mwani uliotupwa na bahari, nao huijua njia ya kurudi kwa kufuata jua na mwezi. Wakati wa baridi huchimba chini zaidi, mbali na mawimbi, wakatulia humo. Na yule kaa wa mchangani mwepesi wa mbio, ambaye kila mtoto wa pwani amepata kumkimbiza, ana ndugu wa jamaa moja naye katika pwani ya mashariki ya Marekani. Wa Unguja na Lamu hana haja ya kulala msimu mzima. Wa Marekani huziba mlango wa shimo lake, akakaa ndani mpaka baridi ipite.

Ya tatu ni kuvumilia papo hapo. Mabaharia wavijua vile viumbe vyenye magamba meupe makali, vinavyogandamana na mawe, mikoko na tumbo la jahazi, hata wakapata taabu kuvikwangua. Navyo, ingawa havifanani, ni katika jamaa ya kaa na kamba. Mtoto wao huogelea, huchagua mahali, hujigandisha kwa kichwa, na tangu hapo hawezi kuhama mpaka afe. Chakula chake hukivuta kwa miguu. Baadhi yao hukaa juu ya mawe ya kaskazini, na maji yakipwa huachwa wazi katika upepo wa barafu. Wataalamu walipowapima waliona kwamba wakati wa baridi huweza kustahimili hata karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Maji mengi ya mwili huganda nje ya chembe za uhai, na zile chembe zenyewe zikasalimika. Lakini viumbe hao hao wakipimwa wakati wa joto, hufa kwa baridi iliyo ndogo sana kuliko hiyo, yapata nyuzi 6 tu chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba uvumilivu wao haukuja siku ya msiba. Mwili ulianza kujitayarisha kabla, siku zilipokuwa zikipoa.

Ya nne ni kuisafisha damu. Katika maji ya bahari mna chumvi ya magnesiamu, ambayo ikizidi katika damu hulegeza viungo, na baridi huzidisha ulegevu huo. Kaa wengi hawawezi kuitoa vya kutosha, na hii imetajwa na wataalamu kuwa sababu mojawapo ya uchache wao katika bahari za ncha za dunia. Kamba, na vile vidudu virukavyo, huitoa kwa wingi, basi huendelea kutembea na kula katika maji yaliyokaribia kuganda. Wako hata wanaoishi chini ya barafu ya bahari ya kaskazini, wameishika kwa miguu kama popo alivyoshika dari.

Basi mwenye akili na atazame. Katika njia hizo nne, iko wapi iliyo ya kukaa bure? Ahamaye ametembea, achimbaye amechimba, avumiliaye amejitayarisha, na asafishaye damu hakuacha kazi usiku wala mchana. Kutulia kwao kwenyewe ni kazi iliyopewa wakati wake.

Huenda mtu akapinga akasema: “Wanyama hawana akili wala taklifu. Wafanyayo ni maumbile, basi yawezaje kuwa hujja kwa mwanadamu?” Pingamizi hili lina haki ndani yake. Hakika kaa hasifiwi kwa subira yake wala halaumiwi, kwani hakuchagua. Lakini kinachochukuliwa kwake si sifa yake. Ni desturi ya Mola katika kuruzuku. Qur'ani katika Sura ya Hud yafundisha kwamba kila kitambaacho juu ya ardhi riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu, na katika Sura ya Nahl yaeleza kwamba nyuki alifunuliwa afanye nyumba zake na kupita katika njia zake. Ahadi ya riziki na amri ya kazi zimetoka kwa Mmoja. Basi aliyemdhaminia kaa riziki yake ndiye aliyempa miguu ya kuchimbia. Asemaye “nitaichukua dhamana na kuiacha miguu” amekipokea kipawa nusu, akairudisha nusu.

Na hivi ndivyo yalivyo mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mfano wa wenye kutawakali kweli umepigwa kwa ndege: hutoka asubuhi na njaa, hurudi jioni wameshiba. Wanavyuoni wakaonyesha kwamba ndege wametoka, hawakusifiwa kwa kungoja chakula kiotoni. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika kitabu chake cha Ihya amemhesabu mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, asinyoshe mkono kwa kudai kutawakali, kuwa ni mwenye wazimu. Kutawakali mahali pake ni moyoni: mkono hushika sababu, na moyo humtegemea Mwenye sababu. Na wahenga wa pwani walisema, ajizi ni nyumba ya njaa.

Hapa laja pingamizi la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Kwani kaa wote huokoka? La. Baridi ya mwaka 1962 hadi 1963 ilikuwa kali mno katika Uingereza, na viumbe wengi wa pwani walikufa, pamoja na waliochimba na waliohama. Walifanya yaliyo katika uwezo wao wakafa. Je, dhamana imevunjika?

Haikuvunjika, lakini yataka kuieleza bila ya kuipamba. Mwenyezi Mungu hakuahidi kiumbe yeyote kwamba hatakufa, wala kwamba kila jitihada itazaa. Riziki ni ile iliyoandikwa mpaka ajali ifike, na ajali ikifika riziki imetimia. Kwa hiyo kazi si bei inayomlazimisha Mungu kutoa, bali ni adabu ya mja na utii wake. Mwenye kutenda akashindwa ametimiza lililo juu yake, na mwenye kukaa bure akapata, amepata naye ni mwenye kulaumiwa. Asiyekubali neno hili atavunjika moyo siku atakayojitahidi asipate.

Na liko jambo la tatu, ambalo ndilo lenye hatari kwa walioshiba. Habari ya kaa ni mawaidha ya mtu kwa nafsi yake. Haifai kuwa kisingizio chake kwa jirani mwenye njaa. Ngara yenyewe ni shahidi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, wakiwa na vifurushi vichwani na watoto migongoni, wakatua Benaco katika vilima hivyo hivyo vya baridi. Wengi walikaa nchini humo hata Desemba 1996 waliporudishwa kwao. Lau mtu angalisimama juu ya kilima na blanketi lake, akawaambia wale wenye kutetemeka, “Subirini, Mola humlisha hata kaa chini ya jiwe,” neno lingekuwa la kweli na msemaji angekuwa mwenye dhambi. Kwani katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa ni fardhi kifaya juu ya wenye uwezo. Wakiiacha wote, wote wamekosa. Aliye na blanketi mbili, moja katika hizo ni riziki ya mwenziwe iliyopitia mkononi mwake.

Na asiseme mtu kwamba viumbe hawa ni duni wasiostahili kutajwa. Imam Nawawi katika Minhaj amemhesabu kaa pamoja na chura katika wanaoishi nchi kavu na majini, ambao kuliwa kwao ni haramu, ingawa katika Majmuu maneno yake yameelekea kwengine, na mjadala wake wajulikana. Lililo hapa ni hili: kaa wa Kabanga huruzukiwa kila usiku, hata kwa yule asiyemhalalisha kwa chungu chake. Thamani ya kiumbe haipimwi kwa manufaa ya tumbo la mwanadamu.

Basi yule mfanyabiashara afanyeje? Na aondoe blanketi na kufungua duka. Kama Kabanga pamemshinda, na ahame, kwani kaa wa kijani huhama. Kama hawezi kuhama, na apunguze matumizi, alinde kidogo alicho nacho, awapelekee watoto posho yao kwanza, angoje msimu ugeuke, kama alivyo yule aliyeziba mlango wake mchangani. Kama yamempata yasiyo na kuhama wala kuchimba, maradhi au kifungo au uzee, hapo kutulia ndiyo kazi yake, nayo ni subira yenye thawabu. Na katika hali zote na autoe moyoni ule ulegevu wa kukata tamaa, kama kamba aitoavyo chumvi katika damu yake. Na siku ya neema asisahau kujitayarisha, kwani mwenye kuanza kujifunza subira usiku wa barafu amechelewa.

Ndipo, akiisha kufanya hayo, akasema usiku “nimetawakali,” neno lake litakuwa na mwili.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika lililo sawa, awafunike wenye baridi, na awape wenye mali mikono iliyo wazi. Amin. Wallahu aalam.