Uliyafikia Maji Peke Yako



Ninyi mnaoishi Kiminini mnajua jinsi asubuhi za Januari zilivyo. Mahindi yamekwisha kuvunwa, mabua yamelala shambani, na mtu akitoka nje mapema huuona mlima wote, kuanzia msitu hadi vilele. Wabukusu huuita Masaba. Katika ramani umeandikwa Elgon. Mchana mawingu huufunika, na aliyechelewa kuamka huweza kukaa siku nyingi asiuone.

Juu kabisa, upande wa Kenya, chini ya kilele cha Sudek chenye mita 4,302, kuna ziwa dogo. Ni kidimbwi tu cha maji baridi katikati ya mawe na nyasi, wala hakuna samaki wa kuvua. Lakini mtu akisikia kwamba kule juu, mahali ambapo angetazamia jiwe tupu, kuna maji yametulia, hutamani kuyaona. Leo nataka kuwasimulia habari za mume na mke waliotamani hivyo. Wameniruhusu kuisimulia, mradi nisiwataje majina.

Walikuwa wametimiza miaka ishirini ya ndoa. Mwaka uliotangulia haukuwa mwema. Bwana alikuwa ameuza magunia arobaini ya mahindi bila kumshauri mkewe, akamkopesha rafiki yake fedha zile, na rafiki hakulipa. Karo ya watoto ikapatikana kwa kuuza ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe huyo alikuwa wa mama. Ninyi mlio wakulima mnaelewa maana yake. Bwana alijuta. Alikwenda kuungama, na nina hakika aliungama kweli. Kisha akafikiri jinsi ya kumfurahisha mkewe, akakumbuka kwamba zamani, wakiwa wachumba, walikuwa wakiutazama mlima na kusema kwamba siku moja watapanda mpaka kwenye ziwa. Akaazima Land Rover ya jamaa yake, akatafuta mwongozaji, akamwambia mama watoto ajiandae Jumamosi.

Angalieni neno hilo: akamwambia. Hakumwuliza. Tutalirudia.

Waliondoka saa tisa za usiku. Wakapita Kamukuywa, wakaingia Kimilili kungali giza, wakapanda kwa Kapsakwony hadi msituni, na gari likaendelea polepole katika barabara mbovu mpaka liliposhindwa. Hapo wakashuka, wakaanza kutembea. Walikuwa wamekwisha kupita mianzi, wakafika penye vichaka na nyasi za mashada, na ile mimea ya ajabu ya lobelia inayosimama wima kama mishumaa ya Pasaka. Jua lilikuwa kali, upepo baridi. Mwanzo walicheka sana.

Kisha bwana akatangulia. Hakukusudia ubaya. Miguu yake ni mirefu, na moyo wake ulikuwa tayari kwenye maji. Alitembea hatua mia mbili, akaketi juu ya jiwe, akamngoja mkewe. Mama alipofika akihema, bwana, aliyekuwa amekwisha kupumzika, akasimama na kusema, "Haya, twende." Wakaenda. Akatangulia tena, akaketi tena, mama akafika, naye akasimama tena. Mambo yakaendelea hivyo kwa saa nzima na zaidi.

Msomaji mpenzi, umeona kosa liko wapi? Bwana yule angeapa mbele ya altare kwamba alimngoja mkewe njia nzima, na asingesema uongo. Alimngoja mara kumi na mbili. Lakini alipumzika mara kumi na mbili, na mkewe hakupumzika hata mara moja. Mwenye nguvu ndiye aliyepata kupumzika kote, na aliyechoka ndiye aliyetembea bila kituo.

Karibu saa tano mama alianza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Kiminini iko kwenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wao walikuwa wamepanda maradufu ya hapo katika asubuhi moja, na huko juu pumzi moja humpa mtu kama robo tatu tu ya hewa anayoipata nyumbani. Ugonjwa huo hauchagui mdhaifu. Mama yule huchota maji mtoni na kulima tangu alfajiri. Kijana mwenye kifua cha mpiganaji aweza kuanguka mahali ambapo bibi wa miaka sitini anapita. Dawa yake ya kwanza ni kutopanda zaidi, na hali isipotulia, au ikizidi, ni kushuka. Mwongozaji alijua hivyo, akasema turudi.

Bwana akatazama juu. Alisema, "Imebaki nusu saa tu. Wewe kaa hapa na mwongozaji. Mimi nitafika mara moja nikuletee maji."

Akaenda. Haikuwa nusu saa. Ukungu ukashuka, kama unavyoshuka mchana siku nyingi, na ilikuwa karibu saa nane aliporudi, amelowa, anatabasamu, na chupa imejaa. Muda wote huo mama alikuwa ameketi chini ya mwamba, amejifunga kanga juu ya sweta, anatapika. Dawa yake ilikuwa kushuka, na hakuweza kushuka, kwa sababu alikuwa akimngoja mumewe. Mwongozaji alitaka kumteremsha. Yeye alikataa kumwacha baba watoto peke yake ndani ya ukungu.

Walishuka. Chini kwenye mianzi kichwa kilianza kupoa. Bwana akamkumbusha ile chupa. Mama akaishika, akaitazama, akasema, "Asante, Baba. Uliyafikia maji peke yako." Hakunywa. Bwana aliniambia kwamba mpaka pale alikuwa akidhani siku imekwenda vizuri.

Tufungue sasa kitabu cha Mwanzo, sura ya thelathini na tatu. Yakobo amepatana na ndugu yake Esau, ambaye alikuja kumlaki pamoja na watu mia nne. Esau amefurahi, anataka waondoke wote pamoja, yeye akitangulia mbele. Yakobo anamjibu kwa adabu kwamba watoto wake ni wachanga, kwamba kondoo na ng'ombe wananyonyesha, na wakiharakishwa siku moja tu kundi lote litakufa. Basi bwana wangu atangulie, anasema, nami nitakwenda taratibu, kwa mwendo wa wanyama walio mbele yangu na kwa mwendo wa watoto.

Najua, Yakobo alimwahidi Esau kumfuata hadi Seiri, naye akageuka akaenda Sukothi. Hatumwigi katika hilo. Lakini yasomeni maneno yale mkikumbuka sura iliyotangulia. Usiku uliopita Yakobo alishindana mweleka hadi alfajiri, uvungu wa paja lake ukateguka. Mtu anayesema "nitakwenda kwa mwendo wa watoto" anachechemea! Zamani alikuwa mtu wa kuwahi: alimwahi kaka yake kwa chakula cha dengu, akamwahi kwa baraka ya baba. Sasa mguu unamuuma, na kwa mara ya kwanza tunamsikia akipima safari kwa miguu ya wengine. Mara nyingi Mungu hutufundisha mwendo wa wenzetu kwa kutupa maumivu yetu wenyewe.

Sasa nirudi kwenye lile gunia la mahindi, kwa maana huko ndiko mlima ulikoanzia. Bwana alikosa. Akajuta, akaungama Jumamosi, akapokea Komunyo Jumapili, na Jumatatu akashangaa kuona mkewe bado ana uchungu. "Lakini mambo hayo si yalikwisha?" Kwake yalikuwa yamekwisha. Mbele ya Mungu dhambi yake ilikuwa imeondolewa kweli, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini mke hakuwa ndani ya kiti cha kitubio. Yeye alikuwa zizini, akitazama mahali alipokuwa akisimama ng'ombe wake. Bwana alikuwa amefika mapema kwenye jiwe la kupumzikia, na mkewe alipofika akihema akamwambia, "Haya, twende." Hata safari ile ya mlimani ilikuwa malipizi aliyojichagulia mwenyewe, siku aliyoichagua mwenyewe. Mama aliniambia, na sauti yake haikuwa na hasira, kwamba angefurahi zaidi kama angeulizwa tu: "Mama, bado inauma wapi?"

Je, nyumbani kwenu ni nani anayewahi jiweni?

Msidhani ni waume tu. Nawafahamu akina mama waliotangulia katika sala. Wanahudhuria jumuiya ndogo ndogo, wanafunga, wanasali rozari, na mume aliyechoka na kazi ya kinu anaposinzia katika fumbo la tatu, humwona kama mpagani. Mama huyo amefika penye maji, na ni maji mema, lakini anamletea mumewe chupa na lawama. Na kuna wazazi waliofiwa na mtoto. Mmoja baada ya mwaka anaweza kucheka tena, mwingine bado hawezi kuifungua sanduku la nguo. Hapo wapendwa, hakuna aliyekosa. Hapo panahitajika tu yule aliyetangulia arudi nyuma hatua chache, aketi chini, na asisimame mwenzake anapofika.

Marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia, uitwao Amoris Laetitia, alichukua utenzi wa Mtakatifu Paulo juu ya upendo kwa Wakorintho, akaueleza neno kwa neno kwa ajili ya watu wa ndoa. Aliuanza pale Paulo anapouanzia, kwenye uvumilivu. Na papo hapo akaonya kwamba kuvumilia si kukubali kutendewa vibaya. Nami nalisisitiza. Mke anayepigwa, au mume anayedhulumiwa, haambiwi na ukurasa huu apunguze mwendo. Huyo atafute msaada kwa padre, kwa wazee na kwa serikali, leo hii.

Wengine mtaniuliza: je, tukimfuata mwenye mwendo mdogo siku zote, si hatutafika popote? Swali zuri. Luka anatusimulia kwamba Maria na Yosefu walikwenda mwendo wa siku nzima kutoka Yerusalemu, kila mmoja labda akidhani mtoto yuko na mwenzake au na jamaa. Walipogundua hayupo, walirudi. Wote wawili. Hatusomi kwamba Yosefu alisema, "Wewe rudi, mimi nitangulie Nazareti nikafungue karakana." Walipoteza siku, na kazi, na labda fedha. Lakini siku ya tatu, hekaluni, waliokuwa wamesimama mbele ya mtoto walikuwa wawili.

Bwana yule hakulijibu neno la mkewe siku ile. Alikaa nalo miezi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari, alimwuliza: "Mama, ungependa twende tena, au nisikusumbue na mlima wangu?" Mama akafikiri siku mbili, akasema watakwenda, lakini watalala Kimilili kwanza, na yeye ndiye atakayetembea mbele. Na saa ya kugeuza wakaipanga wakiwa bado mezani, nyumbani: ikifika saa sita, popote watakapokuwa, wanarudi.

Nanyi mkitaka kwenda, fanyeni hivyo hivyo. Nendeni Januari au Februari, kabla ya mvua na kabla ya kupanda. Msiingie msituni bila mwongozaji anayejua njia, kwa maana ndovu wapo, na ukungu hauna urafiki na mtu. Chukueni sweta mbili kila mmoja, chai, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha. Mwenye mwendo mdogo awe mbele, na wa nyuma asimkanyage visigino. Mkipumzika, aliye na nguvu zaidi aketi wa mwisho na asimame wa mwisho. Kichwa cha mmoja kikiuma na tumbo likachafuka, wote washuke, na asibaki mtu juu wa kungojwa.

Wale wawili walifika kwenye lobelia za kwanza. Mama alichagua jiwe lenye jua, wakala, wakatazama tambarare ya Trans Nzoia chini yao, wakajaribu kutafuta bati la nyumba yao na bila shaka wakakosea. Saa sita ilipofika ukungu ulikuwa bado mbali na njia ilikuwa wazi kabisa. Bwana akatazama juu mara moja tu, mama akamwona akitazama. Kisha akachukua kikapu, wakashuka.

Maji ya ziwa lile mama hajayaona mpaka leo. Chupa ile ya kwanza iko jikoni, anawekea mafuta ya taa.