Mzazi na Mwana Uwanjani

Je, kuupenda upande wako kwakupa ruhusa ya kuuchukia upande wa pili? Huko Marekani, Jumamosi nyingi tangu Septemba hadi Novemba, wazazi huenda na watoto wao kutazama mpira wa vyuo vikuu, mchezo ambao mpira huchukuliwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa mguu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor, uliofunguliwa mwaka 1927, huingia watu zaidi ya 100,000. Katika umati huo mtoto hutazama mambo mawili: mchezo, na mwenendo wa mzazi wake. Mzazi akimtukana mwamuzi, mtoto hujifunza kuwa haki ni lile limpendezalo mtu. Akimpigia makofi mpinzani aliyecheza vizuri, mtoto hujifunza kuwa sifa ni ya anayestahili. Shangwe si kosa, maana ndiyo iliyowaleta. Kosa ni dharau. Wachezaji wa pande zote mbili ni wanafunzi, na kila mmoja ana mzazi. Wahenga walinena: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mchezo huisha jioni ile ile, bali tabia iliyofunzwa pale hudumu.